Sehemu Tano za Mia

Mshindi husifiwa siku ya ushindi wake, na mara nyingi sifa hizo huzisahau siku alizoshindwa. Kwa sababu hiyo tumeona vyema kuwakumbusha wasomaji wetu habari za Sally Gunnell, mwanamke wa Kiingereza aliyestaafu mbio za kuruka viunzi mwaka 1997.

Binti huyo wa mkulima wa Essex, aliyezaliwa mwaka 1966, alianza kwa kung'ara katika viunzi vya mita 100. Kwa mbio hizo alipata dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, mwaka 1986. Michezo ambayo Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziliigomea kwa ajili ya msimamo wa serikali ya Uingereza juu ya Afrika Kusini. Sera hiyo hakuitunga yeye, wala hatumhesabii.

Kisha akageukia mita 400, na hapo ndipo penye kazi. Viunzi ni kumi, na baina ya kimoja na cha pili pana mita 35. Mkimbiaji hana budi kuzihesabu hatua zake huku pumzi zikimwishia. Akikosea hesabu, hukifikia kiunzi kwa mguu asioutaka, na wakati hupotea. Olimpiki haikuwapa wanawake mbio hizi hadi mwaka 1984, Los Angeles, na bingwa wa kwanza akawa Nawal El Moutawakel wa Morocco, binti wa Kiislamu. Wazazi wanaosita kuwaruhusu mabinti zao uwanjani wangefaa kulijua hilo.

Seoul, mwaka 1988, Gunnell alikuwa wa tano. Tokyo, mwaka 1991, katika Ubingwa wa Dunia, alikimbia kwa sekunde 53.16 na kushindwa na Tatyana Ledovskaya wa Urusi ya Kisovieti, aliyetumia 53.11. Sehemu tano za mia za sekunde! Kufumba jicho huchukua zaidi. Tunawaomba maofisa wanaoteua timu wautazame sana mwaka huo, maana kwetu aliyeshindwa mara mbili jina lake hufutwa upesi. Yeye mwaka uliofuata alirudi na dhahabu ya Barcelona.

Stuttgart, Agosti 1993, alikivuka kiunzi cha mwisho akiwa nyuma ya Sandra Farmer-Patrick wa Marekani. Zilibaki mita 40 tupu. Gunnell alimaliza kwa 52.74, mwenzake kwa 52.79, na wote wawili wakaipita rekodi ya dunia ya 52.94. Tofauti ilikuwa sehemu tano za mia, zile zile za Tokyo, safari hii zikiwa upande wake.

Mwaka 1994 alitwaa ubingwa wa Ulaya, Helsinki, na kuutetea ule wa Jumuiya ya Madola, Victoria, Kanada. Mataji manne makubwa yakawa mkononi mwa mtu mmoja. Kisha mguu ukamsaliti. Mwaka 1995, yeye akiwa majeruhi, Kim Batten wa Marekani aliichukua rekodi kwa 52.61, na Atlanta, mwaka 1996, Gunnell alisimama katikati ya nusu fainali, hakuweza kuendelea.