Kabla hujamnunulia mzazi saa ya mazoezi, ifunge kwanza kwenye ndizi

Shinyanga. Jumamosi alfajiri ukipita Ngokolo utakutana na vikundi vya jogging, vumbi likiwafuata nyuma. Baba yangu, mwenye miaka 57, ni mmoja wao. Alianza baada ya daktari kumwambia kuwa presha na sukari vinapanda, na kama kawaida ya mtu aliyeanza jambo ukubwani, hakuishia hapo. Sasa anataka kupanda Mlima Kilimanjaro, pamoja na wale wanaopanda kila Desemba kuadhimisha Uhuru.

Dada yangu akamnunulia saa janja kwa Sh45,000. Boksi liliahidi kila kitu: mapigo ya moyo, presha, sukari, oksijeni, hatua, umbali na ramani. Wiki haikuisha baba akaacha kwenda kliniki. Nilipomuuliza, akaninyooshea mkono.

“Mwanangu, kila asubuhi naangalia sukari hapa. Niko sawa.”

Niliiazima ile saa, nikaingia jikoni na kuifunga kwenye ndizi. Baada ya sekunde chache ikasema ndizi ina mapigo 78 kwa dakika. Presha yake 118 kwa 76. Sukari nayo safi. Baba aliangalia, akacheka, halafu akanyamaza.

Tuitendee haki saa. Ile taa ya kijani mgongoni mwake humulika ngozi na kusoma mwanga unaorudi, ambao hubadilika kidogo kila damu inapopita. Ndizi nayo hurudisha mwanga, kwa hiyo hata saa ya gharama inaweza kudanganyika kwenye mapigo. Tatizo langu ni sukari. Februari 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuwa haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mzazi mwenye kisukari akipanga dozi kwa namba kama hiyo, anaweza kumeza dawa asiyoihitaji na kuzimia.

Kwa hiyo saa ya mazoezi na mlima ichaguliwe kwa yale inayoyaweza. La kwanza ni betri. Njia ya Marangu huchukua siku tano au sita, na usiku wa kileleni watu huondoka Kibo karibu saa sita usiku, wakafika juu asubuhi, kisha wakateremka hadi Horombo siku hiyohiyo. Ni mwendo wa saa 12 au zaidi, tena kwenye baridi, na baridi humaliza betri haraka. Uliza saa inadumu muda gani GPS ikiwa imewashwa. Ile “siku 14” iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya kuvaa tu na kuangalia muda.

GPS yenyewe ina mtego. Saa nyingi za bei ndogo hazina GPS, huazima ya simu. Ukitaka kujua, acha simu nyumbani, kimbia hadi Uwanja wa Kambarage na kurudi, kisha angalia kama saa imechora njia uliyopita.

Maji nayo: alama ya 5 ATM inatosha kwa mvua, jasho na kuogelea kawaida.

Kwa mlima, mimi ningelipia zaidi kipimo cha mwinuko, kile kinachotumia mgandamizo wa hewa. Hubadilika na hali ya hewa, hivyo inafaa kukirekebisha kila ufikapo kituo chenye kibao cha mwinuko. Faida yake ni hii: wataalamu wa afya ya milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Sasa tazama Marangu. Mandara ni takribani mita 2,700, Horombo 3,700, Kibo 4,700. Kila siku unaruka kama mita 1,000, na kilele kipo mita 5,895. Sisi wa Shinyanga tunaanzia chini, kama mita 1,100 hivi.

Na oksijeni? Hapo ndipo wengi watadanganyika. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kuwa hata vipimo vya kidoleni vya hospitali vilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi ya Wazungu. Kama cha hospitali kinakosea hivyo kwenye ngozi yetu, cha mkononi, kwenye baridi na mkanda uliolegea, nisikilize kwa kiasi gani?

Kichwa kikiuma, ukapata kichefuchefu na chakula kikakataa, usiendelee kupanda, mwambie mwongozaji. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema ukiwa umekaa, shuka mara moja, hata kama ni usiku na hata kama saa inaonyesha 95. Tena ugonjwa wa mwinuko haujali kama wewe ni mkimbiaji hodari.

Luteni Alexander Nyirenda alipofikisha Mwenge kileleni Desemba 1961, saa za GPS hazikuwepo duniani. Namkumbusha dada kila anapotaka kukopa anunue ya bei mbaya. Viatu na koti zito vitangulie.

Baba amerudi kliniki, na amenunua kifaa cha kutoboa kidole. Daktari anataka kumpima moyo kabla ya kumruhusu kupanda. Safari ameibadilisha kutoka siku tano kuwa sita, ile ya ziada akae Horombo mwili uzoee. Saa ya Sh45,000 amepewa mdogo wetu wa darasa la tano, ambaye mpaka sasa ameshapima presha ya mbuzi, embe na mguu wa meza.