UTENGENEZAJI WA BAISKELI ILIYOPATA AJALI KWA GHARAMA NAFUU

Baiskeli ni chombo cha usafiri kinachotegemewa na wananchi wengi, Visiwani na Bara. Katika Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, baiskeli hubeba maji, nafaka na pamba. Hapa Unguja na Pemba humfikisha mtumishi kazini na mvuvi sokoni. Chombo hicho kinapoanguka, riziki ya nyumba nzima huweza kusimama. Hata hivyo, si kila kilichopinda ni cha kutupwa, wala si kila kinachonyooshwa ni salama. Inafaa tofauti hiyo ieleweke.

UKAGUZI WA FREMU

Kabla ya kununua kipuri chochote, fremu ichunguzwe. Uzi hufungwa nyuma panapokaa ekseli, upande mmoja, ukapitishwa mbele ya bomba la usukani na kurudishwa upande wa pili. Kisha hupimwa nafasi iliyopo baina ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, fremu haikupinda upande. Vikitofautiana, mwenye baiskeli asitumie fedha kwa vipuri vingine kabla fundi hajaitazama fremu. Aidha, rangi iliyokunjamana au kubanduka karibu na bomba la usukani ni dalili kwamba chuma kimeumia.

YANAYOTENGENEZEKA

Rimu iliyoyumba kidogo haina haja ya kubadilishwa. Baiskeli nyingi za inchi 28 zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Rimu ikivutika kulia, spoku za kushoto mahali hapo hukazwa na za kulia hulegezwa, robo mzunguko kila mara, mpaka gurudumu lipite sawa baina ya mipira ya breki. Spoku iliyokatika hubadilishwa peke yake.

Pedali iliyopinda hubadilishwa bila kugusa mkono wake. Izingatiwe kwamba pedali ya kushoto ina hesi za kinyume, nayo hufunguliwa kwa kuzungushwa kufuata mwendo wa saa. Asiyelijua hilo hulazimisha, akaharibu na mkono.

Kwa baiskeli zenye gia nyingi, kuanguka upande wa kulia mara nyingi hupinda kipande kidogo kinachoshikilia kihamisha gia cha nyuma. Kikiachwa hivyo, kihamisha gia huweza kuingia ndani ya spoku na kuliharibu gurudumu. Kipande cha chuma huweza kunyooshwa polepole. Cha aluminiamu hudhoofika kila kinapokunjwa, hivyo ni bora kibadilishwe. Sumaku hutosha kuvitofautisha, kwa kuwa hushika chuma na haishiki aluminiamu.

Ikiwa kihamisha gia kimevunjika kabisa, njia ya gharama ndogo ni kukiondoa, kupunguza mnyororo na kuufunga kwenye gurudumu moja la meno. Baiskeli hubaki na gia moja, nayo huendelea na kazi. Njia hii hufaa zaidi ekseli ya nyuma inapoweza kuvutwa nyuma ili kukaza mnyororo. Mnyororo wenyewe upimwe kwanza. Pingili 24 za mnyororo mpya zina urefu wa inchi 12 kamili. Zikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, ununuliwe mwingine kabla haujala meno.

YASIYONYOOSHWA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa uma wa mbele, ambao mafundi huuita foku, hauzibwi. Uma uliopinda kwa kugongwa, hata ukinyooshwa kwa moto ukaonekana mzuri, huweza kukatika ghafla, na mpandaji huanguka kwa uso. Hali ni hiyo hiyo kwa usukani wa aluminiamu uliopinda. Vitu hivi viwili vibadilishwe, na fedha iliyookolewa kwenye rimu na gia itumike hapo.

Wananchi wanashauriwa kwamba, baada ya matengenezo, breki zote mbili zijaribiwe na baiskeli iendeshwe kwanza bila mzigo wala abiria. Nati zote zikazwe tena baada ya safari hiyo, ndipo chombo kirejeshwe kazini.