Gemu Hupanda Basi

Je, wajua kwamba basi la abiria linaweza kuipita intaneti kwa kasi? Chukua diski ya nje ya terabaiti 2, ijaze gemu pale Eastleigh, Nairobi, uitie mkobani na upande basi la Garissa. Njia ya kupitia Thika na Mwingi ni kilomita 370 hivi. Tuseme safari imechukua saa 6, pamoja na kushuka na kuonyesha vitambulisho kwenye vizuizi. Terabaiti 2 kwa saa 6 ni sawa na megabiti 740 kila sekunde. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, haimpi mteja wa nyumbani kasi hiyo. Bando la simu ndilo usilitaje kabisa.

Hesabu hii ina maana kwa sababu gemu zimenenepa. Call of Duty yenye sehemu zake zote imewahi kupita gigabaiti 200, na gemu ya kawaida ya mpira kwenye PlayStation 5 (PS5) hula makumi ya gigabaiti kabla hujapiga hata pasi moja. Ukizipakua hizo kwa bando, mjini Garissa utaanza kupiga hesabu kwa mbuzi. Kwa hiyo anayelinganisha mahali pa kuhifadhia gemu huku haanzi pale wanapoanzia wachambuzi wa London au Tokyo, ambao hushika saa na kuhesabu sekunde za gemu kufunguka. Huku kuna maswali matatu ya kwanza: itafikaje, itastahimili joto, na stima ikipotea itakuwaje.

Swali la kufika, PS4 ililijibu Machi 2017, Sony ilipoiruhusu kukubali diski ya nje ya USB 3.0 yenye ukubwa kati ya gigabaiti 250 na terabaiti 8. Gemu zilizowekwa humo zinaweza kuchomolewa kwenye PS4 moja na kuchomekwa kwenye nyingine, zikachezwa, mradi akaunti iliyozinunua imeingia hapo au santuri yake ipo. Mwenye binamu Nairobi mwenye intaneti nzuri basi ana ghala. Na njia hiyo ya Eastleigh si ngeni. Jengo lililoanzisha biashara ya maduka ya pamoja Eastleigh liliitwa Garissa Lodge: lilikuwa nyumba ya wageni, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyumba vya kulala vikageuka vibanda vya bidhaa, nyingi zikitoka Dubai.

Zamani hayo yote hayakuhitajika. Gemu iliishi kwenye kaseti au santuri, na kilichotafutiwa makao kilikuwa rekodi ya mahali ulipofika tu. The Legend of Zelda ya Nintendo, iliyofika Marekani mwaka 1987, ilikuwa na betri ndogo ndani ya kaseti ili kumbukumbu isifutike ukizima. Betri ikiisha, umerudi mwanzo. Kadi ya kumbukumbu ya PlayStation ya kwanza ilikuwa na kilobaiti 128, zikigawanywa vyumba 15, nafasi ambayo picha moja ya simu ya leo haitoshei. Xbox ya mwaka 2001 ndiyo iliyoleta diski ya kudumu ndani ya mashine tangu siku ya kwanza, gigabaiti 8, na wakati huo ilionekana ni anasa.

Mashine iliyokataa kufa kwenye vibanda vya PS, ambako wachezaji hulipia kwa mechi, ni PS2. Sony iliacha kuiunda mwanzoni mwa 2013 baada ya kuuza zaidi ya milioni 150 duniani. Ugonjwa wake unajulikana na kila aliyewahi kuimiliki: jicho la leza. Vumbi likiingia na leza ikichoka, santuri inazunguka, inakwaruza, kisha kioo kinabaki cheusi. Mafundi wakapata dawa. Programu ndogo huwekwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8, na mashine ikiwaka husoma gemu kutoka kwenye flashi badala ya santuri.

Hapa kuna jambo ambalo wachezaji wengi hawalijui. Tundu la USB la PS2 ni la toleo la 1.1, ambalo kikomo chake ni megabiti 12 kwa sekunde, yaani megabaiti 1.5. DVD ndani ya mashine hiyohiyo husomwa kwa megabaiti 5 na zaidi. Flashi, ile ya kisasa, ni ya polepole kuliko santuri iliyoiondoa kazini! Ndiyo sababu video za mwanzo wa gemu hukwama na sauti ikaachana na picha. Kubadilisha flashi ununue ya bei ghali hakusaidii kitu, maana kizuizi kiko kwenye tundu. Watu waliichagua hata hivyo, na nadhani walichagua vyema: flashi haina jicho la kuziba, haikwaruzwi, na gemu ya mpira ya PES yenye vikosi vipya vya msimu huu huingizwa kwa dakika chache. (Gemu nyingi za aina hiyo hazikulipiwa, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haichekei jambo hilo.)

Tuje kwenye diski inayozunguka, ile iliyomo ndani ya PS3, PS4 na katika maboksi mengi ya USB. Ndani yake mna sahani zenye utando wa sumaku zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kichwa cha kusomea kinaelea kwenye hewa kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe ya vumbi la Garissa ikiingia hapo ni mwamba. Haiingii kirahisi, kwa kuwa diski hupumua kupitia tundu dogo lenye chujio. Kinachoiumiza zaidi ni joto, na pia kuangushwa ikiwa inazunguka. Watengenezaji wa diski za namna hii kwa kawaida huweka kikomo cha nyuzi 60. Inaonekana ni mbali, lakini anza na hewa ya mchana wa Februari au Machi, nyuzi 36 au zaidi, ongeza paa la mabati, kisha iweke ndani ya PS4 karibu na kifaa chake cha umeme huku feni ikiwa imejaa vumbi. Nafasi iliyobaki ni finyu.

Diski ya nje ina nafuu hapo, kwa sababu inakaa mbali na jiko. Sharti ni kwamba usiilaze juu ya mashine, pale panapotoka hewa ya moto, ambapo ndipo wengi huilaza.

Na stima? Garissa ina shamba la sola la zaidi ya megawati 50, lililozinduliwa Desemba 2019, lakini umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa, na gridi ikianguka mji unaanguka nayo. Wajir na Mandera zimekuwa zikitegemea jenereta za dizeli zisizounganishwa na gridi. Kila mtu anakijua kile kilio cha kibanda kizima giza linapoingia ghafla: "Walaal, nilikuwa naongoza mbili bila!" Ndani ya diski, katika sekunde hiyohiyo, kunatokea kitu cha ajabu. Sahani bado zinazunguka kwa nguvu zilizobaki, na mota inageuka kuwa dainamo: inazalisha umeme kidogo, wa kutosha tu kukirudisha kichwa kwenye maegesho yake kabla hakijatua juu ya sahani na kuikwaruza. Mhandisi aliyebuni hivyo anastahili kualikwa chai. Sahani zinapona, lakini data iliyokuwa ikiandikwa wakati huo haina kinga hiyo. Ndiyo maana PS4 ikiwashwa tena huanza kwa kukagua hifadhi yake, na ukiwa na diski ya nje huikagua nayo pia. Ukaguzi huo usiukatishe kwa pupa.

Hifadhi ya SSD haina sahani wala kichwa. Inatunza data kwa kunasa elektroni ndani ya seli ndogo za silikoni, uvumbuzi wa Mjapani Fujio Masuoka, aliyekuwa mhandisi wa Toshiba miaka ya 1980; flashi na kadi za simu ni ndugu zake. Diski inayozunguka husoma megabaiti 100 hivi kwa sekunde, SSD ya kawaida ya kompyuta hufika 500, na ile ya PS5 ni 5,500. Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS5, alieleza Machi 2020 kwamba mashine hiyo ingepakia gigabaiti 2 kwa takriban robo sekunde, ilhali PS4 ilihitaji sekunde 20 kwa gigabaiti 1. Ukubwa wake wa ajabu, gigabaiti 825, ulitokana na njia 12 za data zilizowekwa kati ya kidhibiti na seli, na nafasi ilibidi igawanyike kwa 12. Ukitoa ya mfumo, mnunuzi wa toleo la kwanza alibaki na 667.

Je, SSD ndiyo jibu la Garissa? Kwa kuanguka na kutikisika, ndiyo, haina mpinzani; barabara mbovu haiioni. Kwa joto, inategemea. SSD ya kasi hujipasha yenyewe, na ndiyo maana Sony iliporuhusu kuongeza SSD ya pili ndani ya PS5, Septemba 2021, ilidai iwe na bamba la chuma la kupoza. Tena elektroni zilizonaswa huvuja polepole mashine ikikaa bila umeme, na joto huharakisha kuvuja. Kiwango kinachofuatwa na viwanda kinataka SSD ya nyumbani iliyokwisha maisha yake ya kuandikwa ihifadhi data mwaka 1 ikizimwa mahali penye nyuzi 30. Mchana wa Garissa hupita hapo. SSD mpya hudumu zaidi sana ya hapo, kwa hiyo usitishike, ila usiifanye sanduku la kufungia kabatini miaka na miaka. Kwa kazi hiyo diski inayozunguka, iliyozimwa na kufungwa vizuri, bado naiamini zaidi, na bei yake kwa kila terabaiti ni nafuu.

Mwenye PS4 ningemwambia hivi: SSD ndogo ndani, diski kubwa ya kuzunguka nje. Mwenye kibanda atafaidi zaidi, kwa sababu analipwa kwa mechi, na kila dakika ya kutazama mduara ukizunguka kwenye kioo haina shilingi. Mwenye PS5 hana uhuru huo. Diski ya USB kwake ni ghala tu kwa gemu za PS5: unazihifadhi humo, lakini lazima uzirudishe ndani ndipo zicheze. Gemu za PS4 ndizo zinazochezeka moja kwa moja kutoka nje. Hata hivyo, kunakili kutoka kwenye diski huchukua dakika, kupakua upya kwa bando huchukua mshahara. Xbox Series X na S hufuata mtindo huohuo, zikiongezwa kadi maalumu ya kuchomeka nyuma, nzuri lakini ya bei. Nintendo Switch hutosheka na kadi ya microSD, ile unayoiweka kwenye simu.

Kuna kitu kidogo kuliko vyote hivi ambacho kikipotea hakinunuliki. Gemu unaweza kuipakua tena, lakini si msimu wako wa nne kama kocha. Rekodi hizo kwenye PS4 hukaa kwenye diski ya ndani hata kama gemu yenyewe iko nje, na watu hushangaa diski ya ndani ikifa, gemu zote zipo na historia yote haipo. PS4 inakuruhusu kuzinakili kwenye flashi, kazi ya dakika mbili. PS5 haikuruhusu kunakili rekodi za gemu zake moja moja. Ama uchukue nakala ya mashine nzima kwenye diski ya USB, ama uzipeleke kwenye hifadhi ya mtandaoni ya PlayStation Plus. Na Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Sony inazihudumia rasmi kwa akaunti za PlayStation; kusini mwa Sahara iliyomo ni Afrika Kusini. Wachezaji wa huku hufungua akaunti za nchi nyingine na kununua vocha. Inafanya kazi, lakini mimi nisingeweka miaka yangu yote juu ya mpango wa namna hiyo bila diski pembeni.

Kabla ya kununua chochote, jihadhari na flashi na SSD za kubandikwa namba. Ndani mna gigabaiti 32 au 64, lakini kidhibiti kimefundishwa kuiambia mashine kwamba ni terabaiti 2. Unanakili gemu, yote yanaonekana sawa, lakini nafasi halisi ikijaa, data mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani bila onyo lolote. Programu ya bure ya Kijerumani iitwayo H2testw huijaza nafasi yote kwa data kisha huisoma tena neno kwa neno. Kwa diski ya terabaiti 2 ya kasi ya megabaiti 100, kazi hiyo ni saa 11 hivi, kwa hiyo ianzishe jioni, kwenye laptopu yenye betri nzima, stima ikipotea iendelee.