Kiwanda Kinapogeuka Makazi: Picha kama Kumbukumbu ya Jamii, kutoka Mgori hadi Kawe

1. Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna picha mnato zinavyoweza kuhifadhi kumbukumbu ya jamii iliyoishi kwa kutegemea kiwanda, katika kipindi ambacho eneo la kiwanda hicho linageuzwa kuwa makazi. Mfano unaotumika ni kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers kilichokuwa Kawe, Dar es Salaam. Mfano huo unatazamwa kutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni Kawe yenyewe, na wa pili ni Mgori mkoani Singida, sehemu ya ukanda wa kati wa wafugaji. Hoja kuu ni kwamba kumbukumbu ya picha ya kiwanda haikamiliki mpaka iwajumuishe watu waliokiendesha pamoja na wale waliokilisha.

2. Usuli wa Eneo

Kawe iko kati ya mito Mlalakuwa na Mbezi, ambayo yote humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Tanganyika Packers ilianzishwa mwaka 1947 kwa ubia kati ya serikali ya kikoloni na kampuni ya Liebig, kwa lengo la kusindika nyama ya ng'ombe katika makopo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kiwanda kiliingia katika historia ya mashirika ya umma, kikapitia matatizo yaliyoyakumba mengi ya mashirika hayo, na uzalishaji ukakoma kabla ya karne ya 20 kwisha.

Jina halikufa pamoja na mitambo. Hadi leo mkazi wa Dar es Salaam akisema "viwanja vya Tanganyika Packers" hueleweka mara moja, hata na kijana ambaye hajawahi kuliona kopo la nyama lililotoka hapo. Eneo hilo limetumika kwa mikutano ya hadhara na ya ibada. Baadaye Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilianzisha hapo mradi wa maghorofa ya makazi unaojulikana kama Kawe 711. Ujenzi wake ulisimama kwa miaka kadhaa kabla ya kurejewa. Kwa hiyo Kawe ina tabaka tatu zinazoonekana kwa wakati mmoja: mabaki ya kiwanda, mitaa ya zamani kama Ukwamani, na maghorofa mapya.

3. Mgori katika Picha ya Kawe

Mtafiti anayeanza na lango la kiwanda huwa amekwisha kuacha nje nusu ya habari. Ng'ombe hakuzaliwa Kawe. Biashara ya nyama ya pwani ilitegemea mifugo ya mikoa ya kati na ya Kanda ya Ziwa, iliyonunuliwa minadani na kusafirishwa kuelekea Dar es Salaam, ikiwemo kwa Reli ya Kati. Mgori, eneo la Wanyaturu wanaochanganya ufugaji na kilimo cha nafaka na alizeti, ni miongoni mwa maeneo yanayosaidia kuielewa safari hiyo. Zizi, njia ya mifugo, kisima cha kunyweshea na uwanja wa mnada ni vielelezo vya historia ya viwanda sawa na bomba la moshi. Tofauti ni kwamba zizi la miti huoza na kujengwa upya bila mtu kuliita urithi.

4. Mbinu za Upigaji Picha

Mbinu ya kwanza ni ya kuorodhesha majengo. Wapiga picha wa Ujerumani, Bernd na Hilla Becher, walianza mwaka 1959 kupiga picha za matangi ya maji, tanuri na majengo ya migodi yaliyokuwa yakielekea kutoweka. Walipiga wakati wa mawingu, kwa rangi nyeusi na nyeupe, kila jengo likitazamwa kwa namna ileile ili liweze kulinganishwa na jingine. Utaratibu huo unafaa Kawe, ingawa jua la Dar es Salaam linamlazimu mpiga picha achague asubuhi na mapema au siku za mawingu za masika. Udhaifu wake ni kwamba watu hawaonekani. Mtazamaji anaweza kuusifia uzuri wa gofu asijue kwamba palikuwa mahali pa kazi.

Mbinu ya pili ni ya kurudia. Mpiga picha huchagua vituo vichache, huweka alama ya mahali stendi ya kamera iliposimama, urefu wake na aina ya lenzi, kisha hurudi hapohapo kila baada ya miezi kadhaa. Picha moja ya ghorofa haina habari kubwa. Picha kumi za kituo kilekile huonyesha ni lini mwembe ulikatwa, njia ya mkato ilizibwa lini, na mama lishe alihamia upande gani wa barabara.

Mbinu ya tatu ni mahojiano yanayoongozwa na picha, ambayo John Collier aliieleza mwaka 1957. Mzee anayeulizwa "kazi ilikuwaje?" hujibu kwa ufupi. Akiwekewa mezani picha ya ukuta, huanza kuonyesha kwa kidole: hapa palikuwa na mlango, pale tulipanga foleni ya mshahara. Picha za zamani zilizo katika albamu za familia nazo zinakiliwe hapohapo nyumbani, kwa mwanga wa dirisha, na kurudishwa mkononi mwa mwenyewe kabla mtafiti hajaondoka.

5. Ridhaa na Umiliki

Mabadiliko ya ardhi huleta hofu, na kamera huiongeza. Mkazi akimwona mgeni anapiga picha ya nyumba yake, ana haki ya kudhani kwamba anapimiwa ili ahamishwe. Kwa sababu hiyo, kibali cha utafiti na barua kwa serikali ya mtaa havitoshi. Ridhaa ya mtu mmoja mmoja inahitajika, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalipa jambo hilo uzito wa kisheria. Mwenye picha aelezwe itatumika wapi, na aweze kuikataa hata baada ya kupigwa. Ni aibu kwa sura ya mstaafu kuishia katika tangazo la nyumba asizoweza kuzinunua.

Kuhusu umiliki, Mgori ina somo la kutoa. Katikati ya miaka ya 1990, vijiji vya Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga vilikabidhiwa jukumu la kulinda msitu wa Mgori, kila kijiji kikiwa na eneo lake, walinzi wake na kanuni zake. Wazo lililoongoza hatua hiyo ni kwamba anayeishi karibu na mali ndiye mwenye sababu ya kuitunza. Nyaraka za picha zinaweza kuongozwa na wazo hilohilo: nakala moja chuoni, nyingine ofisi ya serikali ya mtaa au shule ya karibu, na chapa za karatasi kwa familia zilizopigwa. Kila picha iandikwe mahali, tarehe, na jina la aliyepigwa endapo ameridhia litajwe. Picha isiyo na maelezo huwa bubu baada ya kizazi kimoja.

6. Hitimisho

Makazi yanahitajika, na makala haya hayapingi ujenzi wake. Suala ni mpangilio wa wakati. Jengo likishabomolewa, na mfanyakazi wa mwisho akishazikwa, hakuna bajeti inayoweza kuirudisha picha ambayo haikupigwa. Watakaohamia katika maghorofa ya Kawe wataikuta bahari na barabara. Wakikuta pia ukutani, kwenye ukumbi wa chini, picha za waliofunga makopo na za wachungaji wa nyanda za kati, watajua kwamba ardhi wanayoishi ilikuwa na wenyeji wake kabla yao.