Kibanda cha rangi ndani ya fleti: sanduku, feni ya jikoni na ubani

Kuanzia Mei mpaka Septemba, nyumba nyingi hapa Maskati madirisha hayafunguliwi. Kiyoyozi usiku na mchana. Wengi wetu tunadhani kinaleta hewa mpya, lakini hiki cha ukutani hakileti. Kinavuta hewa ile ile ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Ukikaanga samaki, harufu utaikuta kesho. Ukipuliza rangi yenye thina, nayo itazunguka vivyo hivyo.

Kwangu jambo hili si dogo. Mwanangu wa miaka 15 ameshikwa na mapenzi ya kuunda ndege za plastiki. Sasa yuko kwenye Jaguar, ndege ya vita ambayo Jeshi la Anga la Oman lilianza kuipokea mwaka 1977 na kuistaafisha 2014. Yake ni ya kipimo cha moja kwa 72, fupi kuliko rula ya skuli. Na mdogo wake wa kike ana pumu.

Baba yao alisema, "Si akapulizie roshani?" Roshani, mwezi wa Julai! Kwa joto lile rangi inakauka hewani na kutua juu ya ndege kama unga. Usiku unyevu wa bahari unaiachia rangi ya thina ukungu mweupe. Basi ikawa ni ndani, na ndani kunataka kibanda.

Chetu ni sanduku la plastiki la kuwekea nguo, limelazwa ubavu, mdomo wake sentimita 50 kwa 35. Nyuma tumekata tundu: chujio, kisha feni, kisha bomba la bati la kukunjika mpaka dirishani, ambako kipande cha plaiwudi kinaziba pengo. Bomba ndiyo roho ya kazi. Viko vibanda vinavyouzwa na feni na sponji tu. Sponji inakamata chembe za rangi, lakini mvuke wa thina unapenya na kukurudia usoni.

Kwenye feni tulipiga hesabu. Kipimo cha kawaida ni hewa kuingia kibandani kwa kasi ya karibu nusu mita kwa sekunde. Mdomo wetu ni mita za mraba 0.175, kwa hiyo tunahitaji mita za ujazo 315 kwa saa. Feni ndogo ya chooni iliyoandikwa 100 haifiki hata theluthi. Tulichukua ya jikoni, zaidi ya 400, maana chujio na kila kona ya bomba hupunguza nguvu. Mota ya mashine ya kufyonza vumbi usiiguse, hata ikivuta vipi: ina brashi za kaboni zinazotoa cheche, na mvuke wa thina unashika moto. Hata hii ya jikoni siiamini kwa thina. Sharti langu likawa ndani ya nyumba zipulizwe rangi za maji tu. Alinuna siku mbili, akakubali. Barakoa anavaa vile vile, kwani chembe za rangi ya maji nazo si za kuvuta kifuani.

Jaribio tulilifanya kwa chetezo na ubani wa Dhofar, kabla ya kufungua kopo lolote. Mlango ukiwa umefungwa, moshi ulisitasita mdomoni mwa sanduku, na harufu ya mfereji wa bafuni ikaanza kutujia. Feni ilikuwa inatafuta hewa popote pa kuipata. Tulipouacha mlango wazi upana wa vidole vitatu, moshi ulinyooka moja kwa moja ndani. Uzuri wake, hewa sasa inatoka ukumbini kuingia chumbani, haiendi upande wa binti.

Gharama ipo: feni inatupa nje hewa tuliyoilipia umeme kuipoza. Kwa hiyo inawashwa wakati wa kupuliza na robo saa baadaye, basi.

Kilichobaki ni jirani wa juu, maana bomba linatokea chini ya kamba zake za nguo. Nilimpelekea halwa, tukakubaliana: Ijumaa baada ya Alasiri, akishaanua.