USIKITUPE KIGARI CHAKO CHA ZAMANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mwanafunzi mmoja alinijia na boksi alilopewa na marehemu mjomba wake aliyeishi Uingereza, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ndani mlikuwa na vipande vya njia na kigari chekundu alichokipenda mno alipokuwa mdogo. Akasema, "Maalim, kimekufa. Nyumbani wanataka nikitupe, lakini moyo unakataa." Tulipokipindua tuliona kwamba hakijafa, kimechafuka tu.

Vigari vya aina hii vilipata umaarufu Uingereza kuanzia mwaka 1957, vilipotolewa kwa jina la Scalextric. Havibebi betri. Njia yake ina mfereji, na kila upande wa mfereji kuna ukanda wa chuma unaopitisha umeme. Chini ya pua ya kigari kuna ulimi unaoingia mferejini. Kando ya ulimi huo kuna vipande viwili vya nyuzi za waya zilizosukwa, ambavyo hugusa kanda zile na kupeleka umeme kwenye mota. Umeme wenyewe ni mdogo, kama volti 12, kwa sababu transfoma huupunguza kwanza. Transfoma isifunguliwe na mtoto, na ichomolewe ukutani kabla ya kazi yoyote.

Zifuatazo ni hatua tulizofuata:

1. Pangusa kanda za njia kwa kitambaa kikavu. Kutu nyepesi iondoe kwa msasa laini.

2. Tazama nyuzi za chini. Zikiwa nyeusi, zisafishe kwa spiriti, kisha zitandaze ziguse kanda bila kuinua ulimi kutoka mferejini. Zilizokatika zibadilishwe.

3. Chunguza ekseli. Ya kwetu ilizongwa na nywele na nyuzi za zulia hata magurudumu yakakwama. Tuliziondoa kwa sindano na kibano.

4. Tia tone dogo la mafuta ya cherehani kila mwisho wa ekseli. Usimwage mafuta ndani ya mota wala kwenye tairi.

5. Tairi za zamani hukauka na kuteleza. Zisugue kidogo kwa msasa laini, kisha kiweke kigari juu ya kioo uone kama magurudumu yote yanagusa.

6. Sikiliza gia. Zikibanana sana hulalamika. Zikiachana sana meno huliwa.

Kigari kikishatembea, hapo ndipo kukirekebisha kunapoanza. Badilisha jambo moja tu kwa wakati, kisha pima kwa saa mizunguko kumi. Ukibadilisha matatu pamoja, hutajua lipi lililosaidia na lipi lililoharibu.

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu ametukataza ubadhirifu katika Suratul Israa. Na imepokewa kutoka kwa Bi Aisha (R.A.) kwamba Mtume wetu (S.A.W.) akishona viatu vyake na nguo zake kwa mkono wake mwenyewe. Basi kutengeneza si unyonge. Shindaneni kwa furaha, lakini msiwekeane pesa, kwani hiyo ni kamari. Na adhana ikisikika, swichi izimwe.

Yule mwanafunzi alipokiona kigari kinazunguka, hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Alinyamaza, kisha akamwombea dua mjomba wake. Kama kingetupwa, dua hiyo ya siku ile isingeombwa.

Wabillahi tawfiq.