Pilato wa Ngulyati na fani ndogo ya chuo kikuu (Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita niliishia pale kijana anapojaza fomu ya chuo na kukuta, chini ya fani kuu aliyoichagua, nafasi ya kuchagua fani ndogo. Nilisema angeweza kuandika hapo sanaa za maonyesho. Wazee wawili wa kanisa, mmoja wa Bariadi mjini na mwingine wa Maswa, wameniuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: chuo chenye msalaba getini kinafundishaje watu kujifanya wasichokuwa? Ni swali zuri. Nianze kulijibu na mtu ninayemjua.

Kwetu Ngulyati, miaka mingi nyuma, binamu yangu alipewa nafasi ya Pilato kwenye igizo la Ijumaa Kuu. Waliomtangulia katika nafasi hiyo walikuwa wakipiga kelele. Yeye alikaa kimya. Akaletewa beseni la bluu la plastiki, akanawa, akafuta kidole kimoja baada ya kingine kwa pindo la kitenge, bila kumtazama mtu. Hakutamka neno hadi kidole cha kumi kilipokauka. Uwanja ulitulia hadi tukasikia maji yakidondoka. Tangu siku hiyo jina lake la ubatizo likafa. Akipeleka pamba kwenye mizani ya ushirika, karani anamwita, "Pilato, sogeza mzigo." Alipoposa, mama wa binti akasema hawezi kumpa mwanawe mtu aliyemhukumu Bwana. Aliyasema akicheka, lakini posa ilikwama kweli.

Wazee wangu wawili wanabishana na beseni lile. Kanisa linamhitaji Pilato anayeaminika, maana Pilato wa kuchekesha anaiharibu Ijumaa Kuu nzima. Wakati huohuo linamwogopa akishaaminika.

Woga huo si wa jana. Mwishoni mwa karne ya 2, Tertuliano wa Karthago, Mwafrika mwenzetu wa pwani ya Tunisia ya leo, aliandika kitabu kizima cha kuwakataza Wakristo kwenda kwenye maonyesho. Lakini ilipofika karne ya 10, watawa wa Uingereza walikuwa wameshauleta mchezo ndani ya kanisa lenyewe. Mwongozo wa ibada uliotungwa Winchester unaeleza jinsi asubuhi ya Pasaka mtawa mmoja aliyevaa nguo nyeupe anavyokwenda kuketi kaburini ameshika tawi la mtende, na wenzake watatu wanavyomwendea polepole na vyetezo, kama watu wanaotafuta kitu. Huyo ni malaika na wale ni wanawake watatu. Mwongozo unasema nani akae wapi, ashike nini, aende kwa mwendo gani. Mwalimu wa jukwaa leo anafundisha hayohayo. Karne hiyohiyo huko Ujerumani mwanamke wa maisha ya utawa, Hrotsvitha wa Gandersheim, alitunga tamthilia sita. Nayapita haraka haya kwa sababu ya kwetu ni matamu zaidi.

Injili iliingia katika nchi inayoitwa Simiyu leo kupitia Nassa, pwani ya ziwa, sasa wilaya ya Busega. Wamisionari wa Kianglikana walifungua kituo pale mwaka 1888, na mwaka 1909 wakawaachia wenzao wa Africa Inland Mission, waliozaa kanisa la AICT la leo. Katika malezi hayo mbina, yaani ngoma, ilihesabiwa upande wa giza. Aliyeokoka aliiacha pamoja na pombe. Wakatoliki kule Bujora, karibu na Mwanza, walishika njia nyingine. Padre David Clement kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianza kukusanya mila na vyombo vya kienyeji tangu miaka ya 1950. Kanisa la Bujora lina tabenakulo yenye umbo la nyumba ya Kisukuma, na kila mwaka sikukuu ya Ekaristi huchezewa ngoma za Bulabo, jina linalotokana na maua.

Sasa tuiangalie hiyo mbina kama mwanafunzi wa fani ndogo angetakiwa kuiangalia. Wachezaji wa Usukumani wana pande mbili, Bagalu na Bagika. Bagalu wanajihesabu watu wa Gumha, Bagika watu wa Ngika, na wote wawili walikuwa waganga wa karne ya 19. Mavuno yakiisha, makundi hukutana kushindana. Hayapokezani zamu. Yanacheza wakati mmoja, viwanja vikiwa jirani, na mshindi ni mwenye watu wengi. Hakuna jaji mwenye karatasi. Mtazamaji anahukumu kwa miguu yake.

Ukisimama katikati unaona jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, wa upande huu anamtania manju wa upande ule, na watu wanacheka. Ghafla ng'ambo vumbi linatimka: wachezaji wa bugobogobo wanarusha majembe juu na kuyadaka, na watu wanaanza kumeguka, kwanza watoto, kisha vijana, mwisho wazee wanaojifanya hawana haraka. Manju mzoefu hatapiki siri yake hapo. Anaacha watu wapungue kidogo, anapunguza sauti ya ngoma, halafu kutoka nyuma ya kibanda anatokea mtu amebeba chatu. Umati unarudi mbio. Mtu huyo anaweza asijue kusoma, lakini anajua lini mtazamaji anachoka, anajua kimya kina uzito gani, na anajua kuwa kitu kizuri kikitolewa mapema hakina kazi. Nakubali kuna suala la dawa za kuvuta watazamaji, na Mkristo ana haki ya kuzikataa. Ila dawa hairushi jembe. Jembe linarushwa na mkono uliozoezwa.

Wapo wasomi walioliona hilo mapema. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho mwaka 1967. Mwaka 1982 na 1983 walimu wake, Penina Muhando (ambaye wengi wanamjua kama Profesa Mlama), Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walipiga kambi Malya, wilaya ya Kwimba, ng'ambo tu ya mpaka wa Maswa. Hawakuja na tamthilia iliyoandikwa tayari ili wanakijiji waikariri. Waliwauliza watu shida zao, wakazichambua pamoja nao, kisha wanakijiji wakazicheza wenyewe kwa ngoma na michezo waliyoizoea, na baada ya kucheza mjadala ukafunguliwa. Utafiti, uchambuzi, onyesho, mjadala. Njia hiyo ilizaa mengine, ukiwemo mpango wa Tuseme wa mwaka 1996, uliowapa wasichana wa sekondari jukwaa la kusema yanayowakwamisha shuleni.

Mwalimu wa Historia au mchungaji kijana akitumwa Ngulyati anahitaji ujuzi huo kuliko anavyodhani. Darasa lake lina watoto waliokwisha kuona mbina. Wanajua onyesho bovu ni lipi, na akiwachosha watamhama kimoyomoyo wakiwa wameketi palepale.

Turudi chuoni. Mtindo wa fani kuu na fani ndogo asili yake ni Marekani, ambako fani ndogo kwa kawaida ni krediti 18 hadi 24 kati ya 120 hivi za shahada, yaani masomo sita hadi nane, kama vile kuigiza, sauti na mwili, kuongoza mchezo, historia ya jukwaa, uandishi, na kazi za nyuma ya pazia. Hapa jirani, Daystar, chuo cha Kikristo nchini Kenya, kina utaratibu huo wa fani kuu na ndogo. Tanzania tumezoea zaidi mwalimu kubeba masomo mawili ya kufundishia, na sanaa za maonyesho zimo katika orodha ya masomo ya mtihani wa kidato cha nne. Kuhusu vyuo vya makanisa, Tumaini Makumira, chuo cha Walutheri karibu na Usa River, kinafundisha muziki hadi shahada. Mlango wa muziki ukishafunguliwa, wa jukwaa haupo mbali.

Lakini wazee wangu wasidhani nawaficha upande mgumu. Desemba 1962, Chuo Kikuu cha Baylor cha Wabaptisti, mjini Waco, Texas, kilikuwa kikionyesha tamthilia kubwa ya Eugene O'Neill. Mchezo ule una matusi ya kilevi, na haki za kuucheza zilikataza kupunguza maneno. Rais wa chuo, Abner McCall, akaufunga kabla haujamaliza siku zake. Mwaka uliofuata mkuu wa idara, Paul Baker, aliondoka na walimu wenzake wote, wakahamia Trinity, San Antonio, chuo chenye uhusiano na Wapresbiteri. Baylor ikabaki na jukwaa lisilo na walimu. Mimi naona pande zote mbili zilikosea mapema, kabla ya pazia kufunguliwa. Mchezo wenye masharti ya kutokuguswa ulichaguliwa bila chuo na idara kukubaliana mpaka uko wapi. Chuo cha kanisa kina haki ya kuweka mpaka. Kinachotakiwa ni uandikwe na kujulikana siku mwanafunzi anapojiunga, sio siku tiketi zimeshauzwa.

Na ipo hatari ya upande mwingine, ambayo huku kwetu naiona kubwa zaidi: chuo kuifanya fani hii kiwanda cha maigizo ya Krismasi. Mwanafunzi anamaliza miaka mitatu akiwa amecheza mchungaji wa kondoo mara tatu. Hajawahi kumcheza mwizi, hajawahi kumcheza Pilato, hajawahi kuulizwa kwa nini mtu mwenye akili timamu anawe mikono. Asiyeruhusiwa kumwelewa mwenye dhambi jukwaani sijui atamhubiri vipi mtaani.

Basi kwa kijana wa Ngulyati aliyemaliza kidato cha sita na anaupitia mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwenye simu: jina la somo lisikutoshe. Piga simu idarani, uliza mambo mawili. Mpaka wenu umeandikwa wapi? Na mwaka jana wanafunzi walicheza wapi? Ukijibiwa kwamba walicheza ukumbini tu, mbele ya walimu na wageni rasmi, tafuta chuo kingine.

Wiki ijayo tutaangalia ada, mikopo na ajira.